Msikilizeni Mtoto Akisoma: Barua ya Wazi kwa Madiwani Wetu

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Wilaya ya Geita,
Nzera.

Isomwe pia na Afisa Elimu Msingi, maafisa elimu kata, walimu wakuu na kamati za shule za Katoro, Ludete, Nyamigota, Lwamgasa, Nyarugusu na kata jirani.

Waheshimiwa,

 

Mimi ni mzazi wa hapa Katoro. Nina kibanda cha uwakala wa fedha za simu si mbali na stendi, na watoto wangu wanasoma shule ya msingi ya serikali, mojawapo ya zile ambazo watoto wakiruhusiwa mchana vumbi linafika sokoni kabla yao. Miaka ya nyuma, mpango wa Uwezo ulipokuwa ukizunguka kaya kwa kaya kupima kusoma na kuhesabu, nilikuwa mmoja wa vijana wa kujitolea waliobeba zile karatasi. Elimu siijui kwa vyeti. Ninachojua ni kumkalisha mtoto kwenye kigoda, kumpa ukurasa, na kunyamaza nimsikilize.

Naandika hadharani kwa sababu jambo hili nimelisema kwenye vikao vya wazazi nikajibiwa kuwa limepokelewa, na sote tunajua mambo yaliyopokelewa hukaa wapi. Ninachosema ni hiki: watoto wetu wanapimwa kwa kuchelewa, kwa njia isiyosikia, na majibu yakipatikana hayamfikii anayeweza kuyafanyia kazi. Hapa kwetu hata mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, asiyejua kuandika jina lake hawezi kulipa watu wachimbe miaka saba ndipo apeleke jiwe kupimwa. Anabeba sampuli kwanza, anasaga, anaosha, anaangalia kama kuna kitu, ndipo anaamua kama ni kuendelea, kuhamisha shimo au kubadili watu. Mtoto tunampa miaka saba ndipo tunafungua bahasha.

Sasa niruhusuni nieleze kwa namba.

1. Tunapima sana mwishoni, na kidogo sana mwanzoni.

Kwenye karatasi upimaji upo. Kuna upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili, kuna Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne, kuna mtihani wa kumaliza darasa la saba. Lakini angalieni jasho linamwagika wapi. Darasa la saba lina majaribio ya kila wiki, moko ya wilaya, moko ya mkoa, kambi za kulala shuleni, na mzazi anayeombwa hela ya karatasi za mitihani hata baada ya ada kufutwa. Matokeo yakitoka, ndipo tunasikia mkoa umekuwa wa ngapi na wilaya imepanda au imeshuka. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya shule bora. Sisi tumeendelea na mashindano yetu.

Darasa la pili je? Mimi mzazi sijawahi kuitwa nikaambiwa mwanangu amepimwa kusoma, ameishia kwenye silabi, na shule itafanya hivi na hivi. Kila mzazi niliyemuuliza sokoni ananijibu hivyo hivyo. Karatasi zinajazwa, zinapanda juu, na huko juu zinabaki. Darasa la nne ndilo linaloshtua kidogo, kwa sababu anayeshindwa hurudia darasa. Lakini kurudia nini? Anarudishwa kusoma tena masomo ya darasa la nne, wakati alichokosa ni cha darasa la kwanza. Mwaka unapita, anapandishwa akiwa mrefu zaidi na mwenye aibu zaidi.

2. Karatasi haisikii.

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana ndipo penye moyo wa barua.

Sehemu kubwa ya maswali ya darasa la saba ni ya kuchagua herufi. Mtoto asiyejua kusoma kabisa ana nafasi ya kupata baadhi kwa kubahatisha, na mwenzake wa dawati akiwa mkarimu anapata zaidi. Mwaka 2012 nchi nzima ilisikia habari za maelfu ya watoto waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza wakagundulika hawajui kusoma na kuandika. Walipita mlango huo huo wa mtihani. Na katika madarasa yetu ya chini, ambako watoto huzidi 45 wanaotakiwa, mwalimu hana namna ila kuwaimbisha wote pamoja. Anagusa ubaoni, darasa linaitika: ba, be, bi, bo, bu. Nani anasoma na nani anafuata sauti, haijulikani. Nimewahi kumpima mtoto aliyesoma ukurasa mzima wa kitabu chake bila kukosea, macho yake yakiwa kwa kuku waliokuwa wakidonoa uani. Nilipomwonyesha neno lilelile kwenye karatasi yangu hakulitambua.

Kipimo cha Uwezo ni kitu chepesi mno, na labda ndiyo maana wakubwa wengine hawakukiheshimu. Kiliigwa kutoka India, ambako taasisi ya Pratham ilianza mwaka 2005 upimaji uitwao ASER. Shirika la Twaweza likakileta Tanzania, Kenya na Uganda, na matokeo ya kwanza ya Tanzania yalikuwa ya mwaka 2010. Mtoto anapimwa nyumbani kwao, mmoja mmoja. Anaonyeshwa silabi, akiweza anapewa maneno, akiweza anapewa aya, akiweza anapewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili pamoja na maswali mawili ya kuona kama ameelewa. Hesabu hivyo hivyo: kutambua namba, kulinganisha, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Mtoto wa miaka 8 na kijana wa miaka 15 wanapewa karatasi ileile. Ukimaliza unamwambia mzazi pale pale, kabla hujaondoka. Mara nyingi mzazi hunyamaza kwanza, halafu anauliza swali ambalo hakuna mjitolea aliyefundishwa kulijibu: sasa huko shuleni anafanya nini?

Yaliyopatikana mwaka 2010 yaliuma. Katika darasa la tatu, ni kama watoto watatu tu kati ya kumi walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Miongoni mwa waliokuwa wakimaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano hakuweza. Kumbukeni kwamba miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2007, utafiti wa SACMEQ uliopima darasa la sita katika mifumo 15 ya elimu ya kusini na mashariki mwa Afrika uliiweka Tanzania Bara juu kabisa kwa kusoma. Tulishangilia, na haki yetu. Tafiti hizo mbili hazikugombana. Moja ilipima kwa karatasi, darasani, watoto waliofanikiwa kufika darasa la sita. Nyingine ilikwenda nyumbani, ikawahesabu wadogo na watoro, ikasikiliza kwa masikio. Ukitaka kujua hali ya waliobaki nyuma, utautumia utafiti wa pili.

Na msidhani ni maneno ya mashirika tu. Serikali nayo ilipopima darasa la pili mwaka 2013 kwa njia ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, watoto waliosoma kwa ufahamu wa kutosha walikuwa kama 8 kati ya 100. Serikali haikuficha. Kilichofuata ni mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, uliopunguza masomo na kuiweka KKK mbele, na walimu wengi wakapelekwa semina. Kipimo kilifanya kazi yake: kilisema ukweli mapema, nchi ikabadili vitabu. Ndicho ninachokiomba hapa Katoro, kwa kiwango cha shule.

Kuhusu hesabu nitasema kifupi. Watoto wetu si wazito wa hesabu. Mtoto anayeuza karanga kituo cha mabasi Buseresere anakurudishia chenji ya shilingi 10,000 kabla hujamaliza kufungua mfuko. Wapo vijana wadogo wanaosikia bei ya dhahabu kwa gramu na pointi kila siku na wanajua nani amewapunja. Mpe mtoto huyo huyo kutoa kwa kukopa, kwenye daftari, na anakwama. Kipimo cha ana kwa ana kinaonyesha mahali hasa anapokwamia, kama ni namba yenyewe, ni alama, au ni maneno ya swali. Alama ya 12 kati ya 50 haionyeshi kitu.

3. Wasiokuwepo siku ya mtihani ndio hasa wa kuhesabiwa.

Hili la kwetu, la ukanda wa dhahabu, hamhitaji kuelezwa na mtu. Ikisikika rashi mahali, kesho yake madawati yanakuwa matupu. Baba amehama na mama amemfuata, watoto wamehamishwa bila uhamisho wa kuandikwa, na miezi mitatu baadaye familia iko kwenye kitongoji cha mahema ambako shule iliyo karibu ni ya kutembea saa nzima. Siku ya mnada wapo wanaobaki kusaidia biashara. Mvua za kwanza zikinyesha, wapo wanaobaki shambani. Agosti 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya nchi hii, na Geita ni mojawapo ya sehemu walizofika. Waliandika kuhusu watoto wanaoshuka mashimoni, wanaoponda mawe, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Tangu wakati huo hatua zimechukuliwa, na sitaki kusema hakuna kilichofanyika. Lakini pita leo kwenye makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu saa nne asubuhi ya siku ya shule, uhesabu vichwa.

Mtihani unaofanyika shuleni unampima aliyekuja. Asilimia ya ufaulu inayosomwa barazani Nzera inagawanywa kwa waliokaa chumbani siku ile. Aliyeacha akiwa darasa la tatu hayumo kwenye hesabu, kwa hiyo kadiri wanaoacha wanavyoongezeka, ndivyo wastani wetu unavyoweza kupendeza. Kaeni na jambo hilo kabla ya kushangilia tena kupanda kwa nafasi.

4. Lugha ya nyumbani.

Watoto wengi wa vijiji vinavyotuzunguka wanaamka na Kisukuma, wanacheza kwa Kisukuma, na Kiswahili wanakutana nacho mlangoni mwa shule. Hapa mjini kuna mchanganyiko, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wahaya, hivyo Kiswahili cha sokoni kinasaidia. Ukitoka kilomita kadhaa mambo ni mengine. Mtoto anaweza kutamka kila neno la hadithi vizuri kabisa, ukamuuliza mbuzi alikwenda wapi, akakutazama tu. Huyo tatizo lake ni tofauti na la mtoto asiyejua silabi, na dawa yake ni tofauti. Wote wawili wanapata sifuri ileile kwenye karatasi.

Mkoa jirani wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014, na katika mpango ule vijiji vilipata madarasa ya utayari wa shule, mtu wa kijijini akiwasimulia wadogo hadithi za Kiswahili kabla hawajaingia darasa la kwanza. Geita hatukuwemo. Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema kwa sababu kitu kile hakikuhitaji jengo wala mtaalamu kutoka mbali. Kilihitaji kivuli, mtu mwenye subira na vitabu vichache.

5. Mwalimu anaogopa kusema ukweli, na tunamfundisha kuogopa.

Shule hutakiwa kutoa taarifa ya wanafunzi wasiomudu KKK. Sasa jiwekeni katika viatu vya mwalimu mkuu. Tumesikia, katika mikoa mbalimbali ya nchi hii, viongozi wakisimama jukwaani na kuapa kwamba shule itakayokutwa na mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma, mwalimu mkuu wake atavuliwa cheo. Makofi yanapigwa. Wiki inayofuata ungetegemea idadi ya wasiojua iandikwe ngapi? Mwalimu ana watoto waliofurika tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ana ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka ambayo sehemu yake haifiki shuleni kwa kuwa hukatwa kwa ajili ya vitabu, ana nyumba ya kupanga kwa bei za mji wa dhahabu, na sasa anaambiwa ukweli wake utamfukuzisha. Ataandika namba ndogo. Ningekuwa mimi ningeandika namba ndogo.

Kulikuwa pia na wakati ambapo hata watu wa nje waliogopa kuhesabu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Septemba 2018 yalifanya kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kuwa jambo la hatari, na ikawa hadi Juni 2019 ndipo Bunge lilipolegeza. Tabia iliyojengwa katika miezi ile haikuondoka na kifungu. Bado mtu akisema "nimepima watoto" kuna anayemuuliza ametumwa na nani.

Inashangaza, kwa sababu nchi hii ilikuwa na desturi tofauti kabisa. Wazee wetu walipimwa hadharani. Mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO kati ya 1968 na 1972 makao yake yalikuwa Mwanza, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo. Agosti 1975 mamilioni ya watu wazima walikaa chini kufanya mtihani wa taifa wa kisomo, wakawekwa katika hatua ya kwanza hadi ya nne kulingana na walichoweza. Wasiojua kusoma walikuwa kama 67 kati ya 100 mwaka 1967, na mwaka 1975 wakawa 39. Bibi aliyekuwa hatua ya pili alijua yuko hatua ya pili, jirani yake alijua, na mwalimu wake alijua wiki ijayo amfundishe nini. Mjukuu wake leo yuko "darasa la tano". Hatujui hatua yake.

Waheshimiwa, hayo ndiyo malalamiko. Sasa naomba, na nimejaribu kuomba vitu vilivyo ndani ya uwezo wenu, si vya Dodoma.

Ombi la kwanza, na ndilo kubwa: kila Januari, ndani ya wiki tatu za kwanza za muhula, kila mtoto wa darasa la pili, la tatu na la nne asikilizwe akisoma na akikokotoa, mmoja mmoja. Anayempima asiwe mwalimu wake. Walimu wabadilishane shule, wa Ludete waende Nyamigota na wa Nyamigota waende Katoro, au watumike vijana wa kidato cha nne na cha sita walioko mitaani wakisubiri bodaboda ya kuendesha kwa hesabu. Mtoto mmoja huchukua kama dakika kumi. Mpimaji akisikiliza watoto 20 kwa asubuhi, wapimaji 20 wanamaliza watoto 400 kwa siku. Shule yenye watoto 1,200 katika madarasa hayo matatu inamalizika kwa siku tatu. Gharama ni posho ndogo, maji ya kunywa, na karatasi. Nyingi ya karatasi hizo zinatumika tena, kwa kuwa mtoto hasomi akaziandikia.

Ombi la pili: majibu yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kitongoji na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Yabandikwe kwa madarasa, bila majina ya watoto. Darasa la tatu: silabi wangapi, maneno wangapi, aya wangapi, hadithi wangapi, na wangapi hawakuanza hata silabi. Majibu ya mtoto mmoja mmoja aambiwe mzazi wake peke yake.

La tatu ni matumizi, maana kupima bila kufanya kitu ni kumsumbua mtoto. Kila siku saa moja, kengele igongwe, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wapangwe kwa wanachokiweza na si kwa darasa walilomo. Wa silabi wote kwa mwalimu mmoja, wa maneno kwa mwingine, wanaosoma hadithi wapewe vitabu wasome. Ndivyo Pratham walivyofanya India, na nchi kadhaa za Afrika zimefuata. Walimu wa madarasa yaliyofurika wataniambia saa hiyo haipo. Nawajibu kwa heshima kwamba saa za majaribio ya darasa la saba zilipatikana.

La nne: wasioko shuleni. Wenyeviti wa vitongoji na watendaji wanajua kaya zote; wakati wa uchaguzi hakuna mpiga kura anayesahaulika hata akiwa ndani ya duara. Orodha ya watoto wa miaka 7 hadi 13 wanaolala katika kitongoji ifanywe, ilinganishwe na daftari la mahudhurio, na wasiokuwemo wapimwe nyumbani kwao, hata kama nyumba ni turubai.

La tano linahusu fedha, na nitalisema bila kuzunguka. Wilaya hii inapokea ushuru wa huduma na fedha za uwajibikaji wa mgodi kwa jamii, mabilioni ya shilingi kwa miaka. Tumejenga madarasa kwa fedha hizo, na tulihitaji. Tengeni sehemu ndogo isiyopakwa rangi wala kuzinduliwa kwa utepe, ilipe posho za kupima, vitabu vya hadithi na vikundi vya utayari wa shule. Mzazi asichangishwe hata shilingi mia kwa kazi hii. Tukianza kuchangisha, watoto tunaowatafuta ndio watakaobaki nyumbani siku hiyo.

Na la mwisho, bila hili mengine yote yatakufa: azimieni, kwa muhtasari wa kikao, kwamba kwa miaka miwili ya kwanza hakuna mwalimu atakayeadhibiwa kwa namba zilizopatikana. Aadhibiwe atakayekutwa ameziongopea. Shule itakayoonyesha wasiojua wengi ndiyo ipewe walimu na vitabu kwanza. Mkifanya hivyo mara moja tu na ikaonekana, mwaka unaofuata walimu wakuu wataleta wenyewe hesabu za kweli.

Kwa nini haraka? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa 2025, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa sekondari kwa pamoja, na ndani ya mlango ule masomo ni kwa Kiingereza. Katika mazungumzo ya barazani nasikia sana kuhusu vyumba na madawati ya kuwapokea. Ni sahihi. Lakini mtoto wa miaka 12 asiyeweza kusoma aya ya Kiswahili, tukimpa dawati jipya na kitabu cha Kiingereza, atakaa mwezi mmoja, labda miwili. Baada ya hapo mnajua anakwenda wapi, na wengine mmewahi kuwaona wakibeba viroba vya mawe machimboni. Akifika huko atawekewa mkataba wa mgao mbele yake na kuonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba. Kibandani kwangu nawahudumia watu wazima kila siku ambao hunipa simu na namba ya siri niwasomee ujumbe wao wenyewe. Wengi wao walimaliza darasa la saba.

Najua kuna atakayesema kwamba upimaji wa taifa unatosha na halmashauri haina mamlaka ya kutunga mitihani. Hakuna mtihani hapa. Hakuna cheti, hakuna nafasi, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ni mwalimu kumsikiliza mtoto, na sidhani kama ipo sheria inayomkataza.

Kabla ya kikao chenu cha kupitisha bajeti, naomba mfanye jambo moja. Kila diwani achague shule moja ya kata yake, aende asubuhi bila taarifa, bila msafara na bila mwandishi wa habari. Amwombe mwalimu mkuu watoto kumi wa darasa la tatu, wa kwanza kumi kwenye daftari la mahudhurio, si wale wanaonyoosha mikono. Akae nao chini ya mti, mmoja mmoja, kila mmoja amsomee hadithi ya nusu ukurasa na kumwambia imehusu nini. Kisha aandike idadi kwenye kipande cha karatasi na aje nayo Nzera. Zijumlisheni wenyewe kabla ajenda ya elimu haijafunguliwa. Karatasi za kusomea nitazileta mimi, nakala za kutosha kata zote, na nitafunga kibanda siku hiyo niwaonyeshe namna ya kuzitumia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mjitolea wa zamani wa upimaji,
Katoro.